Msemaji wa nani? Jibu kwa mwanafunzi anayeandika kuhusu Hanan Porat

"Shikamoo mtaalamu. Nasoma uhusiano wa kimataifa, mwaka wa tatu, na nimepangiwa insha kuhusu kazi ya Hanan Porat wa Israel. Nimekwama. Chanzo kimoja kinamwita msemaji wa walowezi, kingine mwanaharakati, kingine mbunge, kingine mwalimu wa dini. Sijui alikuwa mwajiriwa wa nani. Nimesoma pia kwamba mwanasheria wa serikali yao wenyewe aliwaambia makazi ya walowezi katika Ukingo wa Magharibi yanakiuka sheria ya kimataifa, sasa yalijengwaje? Mwenzangu mmoja ananiambia nisijisumbue, niandike tu kwamba serikali ilimtuma. Mwingine anasema alikuwa mtu wa dini, siasa ilimkuta njiani. Nishike lipi?"

Marahaba. Usishike hata moja. Ukiandika kwamba serikali ilimtuma, msahihishaji atakuuliza kwa nini jeshi la serikali hiyohiyo lilikuwa likiwabeba wenzake mzobemzobe na kuwashusha vilimani. Ukiandika kwamba alikuwa mtu wa dini tu, atakuuliza mtu wa dini tu alikaa bungeni miaka kumi na zaidi akifanya nini.

Kinachokukwamisha, naona, ni kwamba unatafuta cheo. Umezoea msemaji wa wizara au wa jeshi la polisi: ana ofisi, ana barua ya uteuzi, akikosea anaondolewa. Gush Emunim, harakati ambayo Porat alikuwa mmoja wa waanzilishi wake mapema mwaka 1974, haikuwa chama kilichosajili wanachama kwa kadi. Jina lenyewe lina maana ya kambi ya waaminifu. Msemaji wa harakati ya namna hiyo hateuliwi. Ni yule ambaye waziri akitaka kujua hawa watu wanataka nini anamwita yeye, mwandishi wa habari akifika anaelekezwa kwake, na vijana wenye mahema wakiambiwa "shukeni" wanamgeukia yeye kwanza. Kwa hiyo swali lako la "mwajiriwa wa nani" ligeuze: kila hatua ya kazi yake, alikuwa amesimama kati ya nani na nani, na ni karatasi gani iliyomwezesha kukaa pale?

Anza na mti. Porat alizaliwa Desemba 1943 huko Kfar Pines, akapelekwa mchanga kabisa na wazazi wake Kfar Etzion, kijiji cha ushirika cha Wayahudi wa dini kusini mwa Bethlehem. Mapema mwaka 1948 akina mama na watoto waliondolewa kwa sababu ya vita. Tarehe 13 Mei 1948, siku moja kabla Israel haijatangazwa kuwa dola, kijiji kilianguka na zaidi ya watu 100 waliuawa, wengi wao baada ya kusalimu amri. Kwa miaka 19 iliyofuata eneo lile lilikuwa chini ya Jordan. Watoto waliookolewa walikua upande wa pili wa mpaka, na kutoka maeneo ya Jerusalem waliweza kuuona kwa mbali mwaloni mmoja uliosimama peke yake pale kilimani. Mwaloni huo ndio uliokuwa kumbukumbu yao ya nyumbani. Usiuruke mti huu kwenye insha ukidhani ni pambo, kwa maana utarudi baadaye kama hoja ya kisheria.

Sasa dini. Wanafunzi wengi, hasa waliolelewa kanisani, hudhani Uzayuni, yaani harakati ya kisiasa ya kuwapatia Wayahudi nchi yao, na Uyahudi ni kitu kimoja, na kwamba tangu mwanzo Wazayuni walikuwa watu wa Torati wakidai ardhi ya Ibrahimu. Sivyo. Viongozi wengi wa mwanzo hawakuwa washika dini, na marabi wengi wa wakati ule waliupinga Uzayuni wakisema kurudi ni kazi ya Masihi. Waliojaribu kuyaunganisha mawili hayo walikuwa wachache. Chama chao, Mizrachi, kilianzishwa na Rabi Yitzchak Yaacov Reines mwaka 1902. Na hapa kuna jambo litakalomshtua mwalimu wako. Mwaka 1903 Waingereza waliwapa Wazayuni wazo la makazi katika Afrika Mashariki, lile linaloitwa mpango wa Uganda ingawa ardhi yenyewe ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, pande za Eldoret ya leo. Katika mkutano mkuu wa Basel mwaka huo, wajumbe wengi wa Mizrachi waliunga mkono wazo hilo lichunguzwe, kwa kuwa waliona kuokoa roho za watu kunatangulia. Mpango ulikataliwa rasmi mwaka 1905. Yaani Wazayuni wa kidini wa mwanzo walikuwa tayari kuifikiria Uasin Gishu. Wajukuu wao hawakuwa tayari kuachia kilima kimoja karibu na Nablus, mji wa Ukingo wa Magharibi.

Kilichobadilika kati ya hapo ni mafundisho. Rabi Abraham Isaac Kook, aliyefariki mwaka 1935, alifundisha kwamba hata Mzayuni asiyeswali anatimiza mpango wa Mungu bila kujua. Mwanawe, Rabi Zvi Yehuda Kook, aliyeongoza chuo cha dini cha Mercaz HaRav mjini Jerusalem, aliyavuta mafundisho hayo hadi kwenye ardhi yenyewe: dola, jeshi na kila shubiri ya nchi vikawa sehemu ya ukombozi unaoendelea. Katikati ya Mei 1967, wiki tatu kabla ya Vita vya Siku Sita, aliwahutubia wanafunzi wake akililia Hebroni na Shekemu (ndiyo Nablus) vilivyokuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Jordan. Vita vilipokwisha Juni, vyote vilikuwa mikononi mwa Israel. Porat alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho, tena askari wa miavuli katika brigedi iliyoteka Jerusalem ya mashariki. Fikiria kijana wa miaka 23 aliyeona hotuba ya mwalimu wake inatimia ndani ya mwezi mmoja. Huna haja ya kukubaliana naye ili uelewe ni kwa nini hakuwahi tena kuona mpaka kama kitu cha kudumu.

Sasa karatasi, ambayo ndiyo hasa uliyouliza. Tarehe 18 Septemba 1967 Theodor Meron, mshauri wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Nje, aliandika maoni ya siri kwamba kuwahamishia raia katika maeneo yaliyotekwa kunakiuka wazi Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, ibara ya 49. Vyanzo vingi huishia hapo, na ndiyo maana unashangaa walijengaje. Soma mbele. Meron aliongeza kwamba kama serikali itaamua kuendelea, basi ni muhimu ifanywe na jeshi, katika kambi zenye sura ya muda. Na kuhusu Etzion alisema hoja inaweza kupata nguvu kiasi fulani kwa kudai kwamba watu wanarudi makwao. Umeuona mti wetu? Porat na wenzake walikuwa wameshakwenda kumwona Waziri Mkuu Levi Eshkol, na hoja yao ilikuwa hiyohiyo: sisi ni watoto wa pale, tunarudi nyumbani. Siku tisa baada ya waraka ule, tarehe 27 Septemba, walipanda Kfar Etzion. Nje ya nchi makazi yale yalielezwa kuwa kituo cha Nahal, kitengo cha jeshi kinachochanganya uaskari na kilimo. Waliokwenda walikuwa raia.

(Kwa msomaji wa Tanzania jina la Meron si geni. Ndiye aliyekuja kuwa jaji wa rufaa katika kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, na baadaye rais wa kwanza wa taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi mahakama ya Arusha.)

Hapa ndipo ilipo kazi ya msemaji wa aina hii: kukipa kitu jina ambalo mwenye mamlaka anaweza kulimeza. Mwaka 1967 jina lilikuwa "kurudi nyumbani" ndani na "kituo cha jeshi" nje. Aprili 1975, huko Ofra, likawa "kambi ya wafanyakazi": kikundi kilikuwa na kazi ya kujenga uzio katika kituo cha jeshi cha Baal Hatzor, jioni moja wakalala katika kambi iliyoachwa na jeshi la Jordan badala ya kurudi mjini, na Waziri wa Ulinzi Shimon Peres akaamuru wasiondolewe. Uzio ulikwisha, wafanyakazi wakabaki, na Ofra ipo mpaka leo.

Porat mwenyewe alikuwa amejeruhiwa vibaya katika vita vya Oktoba 1973 upande wa Suez. Muda mfupi baada ya hapo Gush Emunim ilizaliwa, na tukio lililoijenga ni Sebastia, kaskazini-magharibi mwa Nablus. Mara saba kikundi kilichojiita Elon Moreh kilijaribu kuweka makazi, na mara saba jeshi likakiondoa. Mara ya nane, mwishoni mwa 1975, maelfu walipiga kambi kwenye kituo kikuukuu cha reli kilichojengwa enzi za Waosmani. Wakati waliupata kwa bahati iliyotoka New York: tarehe 10 Novemba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio namba 3379 linaloutaja Uzayuni kuwa aina ya ubaguzi wa rangi. Tanzania na Uganda zilipiga kura ya ndiyo, Kenya ikajizuia. Viongozi wa Kiyahudi kutoka duniani kote walikusanyika Jerusalem kuonyesha mshikamano, na serikali ya Yitzhak Rabin ikaona aibu kutuma askari kuwaburura Wayahudi siku zilezile. Mshairi Haim Gouri akaingia kati, Peres akazungumza nao, na mwafaka ukawa kwamba kikundi kidogo kihamie kambi ya jeshi ya Kadum iliyo jirani. Azimio la kuupinga Uzayuni likawasaidia Wazayuni waliokuwa wakali kuliko wote. Historia ina dhihaka zake.

Picha ya siku hiyo itafute na uitazame kwa makini. Porat amebebwa mabegani mwa umati, mikono ameitawanya, na karibu naye Rabi Moshe Levinger naye yuko juu juu. Walioshangilia hawakuwa wamepewa kilima walichokitaka. Walipewa kona ya kambi ya jeshi, "kwa muda". Lakini aliyebebwa mabegani alikuwa ameelewa kwamba serikali iliyojadiliana nawe mara moja haiwezi tena kudai haikujui. Kadum ikawa Kedumim.

Jihadhari hapa, maana ni mahali ambapo insha nyingi huharibika. Jina Elon Moreh linatajwa kwa vitu vitatu. Kwanza ni mwaloni wa More wa kitabu cha Mwanzo 12:6. Pili ni kile kikundi cha Sebastia, ambacho wengi wao waliishia Kedumim. Tatu ni makazi yanayoitwa hivyo leo, mashariki ya Nablus, yaliyotokana na kesi ya 1979. Ukimwona mwandishi anasema Elon Moreh ilianzishwa 1975, amechanganya la pili na la tatu.

Kesi yenyewe isome neno kwa neno ukiweza. Mwaka 1979 jeshi lilitwaa ardhi ya wakulima Wapalestina wa kijiji cha Rujeib kwa ajili ya makazi, likitaja usalama. Miezi michache nyuma Mahakama Kuu ilikuwa imekubali hoja ya usalama katika kesi ya makazi mengine, Beit El, kwa hiyo serikali ilijua njia. Safari hii wenye mashamba walikuja na hati ya kiapo ya Chaim Bar-Lev, mkuu wa majeshi wa zamani, aliyesema makazi pale hayana faida ya kiusalama. Mkuu wa majeshi aliyekuwapo, Rafael Eitan, alisema yana faida, lakini Waziri wa Ulinzi Ezer Weizman hakukubaliana naye. Kisha walowezi wenyewe wakamaliza kazi. Menachem Felix, kwa niaba yao, aliapa kwamba wanakaa pale kwa sababu ya amri ya Mungu kwa Israeli kuirithi nchi, na kwamba usalama, hata kama upo, si sababu yao ya msingi. Wala makazi yao si ya muda. Huo ulikuwa ukweli wao, na ndio uliowaangusha. Oktoba 1979 Jaji Moshe Landau na wenzake waliamuru makazi yaondolewe. Kwa maoni yangu hakuna ukurasa mmoja unaoeleza harakati hii vizuri kuliko hati ile: msemaji anatafuta jina linalomezeka, muumini anakataa kulitumia, na wote wawili ni wa kundi moja.

Usije ukaandika kwamba hukumu ilisimamisha ujenzi. Ilibadilisha tu mlango. Serikali iliachana kwa kiasi kikubwa na utwaaji wa kijeshi wa mashamba ya watu, ikageukia Sheria ya Ardhi ya Waosmani ya 1858. Chini ya sheria hiyo, ardhi isiyolimwa kwa muda, au ile iitwayo mawat, yaani ardhi mfu iliyo mbali na kijiji, huweza kuhesabiwa kuwa ya dola. Mkulima ambaye shamba lake lilikuwa halijaandikishwa, na Jordan ilikuwa imeandikisha sehemu tu ya eneo zima, alilazimika yeye kuthibitisha kwamba analima. Makazi mengi ya miaka ya 1980 yalijengwa kwa mlango huo. Insha itakayotaja mahema na kuisahau sheria hii itakuwa imeeleza sherehe ikaacha ndoa.

Bungeni nitapita haraka, maana ndipo penye kumbukumbu rahisi. Baada ya mkataba wa amani na Misri, ulioirudishia Misri rasi ya Sinai, Porat alishiriki kuunda chama cha Tehiya mwaka 1979 pamoja na Geula Cohen na Yuval Ne'eman, ambao hawakuwa Wazayuni wa kidini. Tehiya ilipata viti 3 mwaka 1981 naye akaingia Knesset, bunge la Israel. Aprili 1982 Sinai ilirudishwa na Yamit, mji wa walowezi uliokuwa huko, ukabomolewa, pigo ambalo harakati haikulisahau. Aliondoka bungeni 1984, akarudi 1988 kupitia Chama cha Kitaifa cha Kidini, akakihama mwaka 1999 kwenda kuunda chama cha Tkuma, na mwaka huohuo ukawa wa mwisho kwake bungeni. Alifariki Oktoba 2011 palepale Kfar Etzion. Kumbuka tu kwamba kila alipohama chama alikuwa akisema chama ndicho kilichohama, na ukilinganisha tarehe na mikataba ya kurudisha ardhi utaona anachomaanisha.

Nani alilipa? Bunge lilimlipa alipokuwa mbunge. Makazi yenyewe yalipata fedha za umma kwa njia ambazo hazikupitia mfukoni mwa mwanaharakati: Idara ya Makazi ya Shirika la Wazayuni Duniani, ambayo bajeti yake hutoka serikalini, wizara za nyumba na za miundombinu, na jeshi lililolinda barabara. Gush Emunim iliunda tawi la ujenzi liitwalo Amana. Halmashauri za makazi zikaunda baraza lao, Yesha, ambalo jina lake ni herufi za mwanzo za Yudea, Samaria na Gaza, na kwa Kiebrania neno hilo pia ni wokovu. Baraza hilo ndilo lililokuja kuwa na wasemaji wa kuajiriwa, wenye simu na taarifa za kila siku. Wewe usimchanganye Porat na hao. Yeye alikuwa wa kizazi kilichozungumza kwanza, mishahara ikaja baadaye.

Kuhusu sheria leo, andika bila kuficha upande wowote. Israel hudai ibara ya 49 haihusu hali yake, kwa hoja kwamba eneo lile halikuwa na mwenye enzi halali kabla ya 1967. Karibu dunia yote haikubali. Azimio la Baraza la Usalama namba 2334 la Desemba 2016 linasema makazi hayana uhalali wa kisheria, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya namna hiyo mwaka 2004 na tena Julai 2024. Hoja ya "kurudi nyumbani" nayo ipime kwa mizani moja: Wapalestina waliofukuzwa au kukimbia mwaka 1948 nao wana nyumba wanazozitaja kwa jina na kwa mti, na mlango huo hawakufunguliwa. Mwanafunzi akiandika hivyo hajatukana mtu. Ameuliza swali ambalo hoja yenyewe inalileta.

Kazi yako sasa. Chora safu nne: tarehe, kilima, jina lililotumika hadharani, karatasi iliyoruhusu au kukataza. Jaza mistari mitano tu: Kfar Etzion 1967, Ofra 1975, Sebastia na Kadum 1975, Rujeib 1979, Yamit 1982. Safu ya tatu na ya nne zikipingana, hapo ndipo pa kuandika aya ndefu. Tafuta jina lake kwa tahajia zote mbili, Hanan na Chanan, vinginevyo utakosa nusu ya vyanzo. Tarehe za bunge zihakiki kwenye orodha ya Knesset yenyewe. Na chagua maneno yako ukijua yanabeba nini: "Ukingo wa Magharibi" na "Yudea na Samaria" ni ardhi ileile, lakini anayesema la pili ameshajibu swali.

Mambo mawili usiyamalize peke yako kwenye simu. Waraka wa Meron na hukumu ya Elon Moreh mpelekee mhadhiri wa sheria ya kimataifa chuoni kwako, ukae naye hata saa moja, kwa sababu tofauti ya utwaaji wa kijeshi na tangazo la ardhi ya dola huwapiga chenga hata watu wazima. Na ukitaka kunukuu maneno ya Porat mwenyewe, mtafute asomaye Kiebrania, umwonyeshe sentensi kamili pamoja na iliyotangulia. Tafsiri za wanaomchukia na za wanaompenda zote hukata palepale panapowafaa.